Mwanafunzi wa Saa Saba

Wivu wangu ulianza kwenye jedwali. Wanawake wenzangu huokota kitambaa chenye marashi, au huona rangi ya mdomo kwenye kola ya shati. Mimi niliupata kwenye safu ya nne ya ripoti ya robo mwaka, nikiwa nimevaa miwani, kipande cha biskuti kikiwa mdomoni.

Nieleze kazi yangu kwanza, maana hata shangazi yangu aliyenilea bado anawaambia majirani kwamba natengeneza kompyuta. Mimi ni mratibu wa masomo ya mtandaoni katika chuo kikuu. Wanafunzi elfu sita wasioweza kuja darasani, kwa sababu wana kazi, wana watoto au wako mbali, husoma kupitia mfumo ninaousimamia. Mhadhiri akifungua darasa lake mtandaoni, mfumo unaandika saa aliyofungua, walioingia na waliotoka. Mwanafunzi akiwasha somo halafu akaenda zake kukaanga mayai, mfumo unaandika kwamba hajagusa kitu kwa dakika arobaini. Si kwamba nakaa kuwachungulia watu, hapana. Lakini ufunguo ninao mimi.

Safu ya nne ilisema hivi: darasa la mhadhiri wa takwimu, Jumatatu hadi Ijumaa, saa saba hadi saa nane mchana, vipindi arobaini na viwili, hakikukosekana hata kimoja. Waliomo: wawili. Mlango: umefungwa. Kurekodi: kumezimwa.

Nikaacha kutafuna.

Mhadhiri huyo wa takwimu alikuwa mchumba wangu.

Wanafunzi wanamwita Wastani, kwa sababu hamalizi sentensi mbili bila kulitaja neno hilo, na pia kwa sababu, tuseme ukweli, ni mwanamume wa wastani. Si mrefu si mfupi, si mnene si mwembamba. Nami nilimpendea hapo hapo, maana nilishachoshwa na wanaume wa kupindukia. Wastani akisema atakuja saa kumi, anakuja saa kumi. Akicheka, macho hutangulia na mdomo hufuata umechelewa kidogo, na huo muda mfupi wa kusubiri mdomo ndio ulioniponza. Jumamosi ya wiki ile wazee wake walikuwa waje nyumbani kwetu kuzungumza habari za ndoa. Shangazi alishatoa vikombe vizuri kabatini.

Miezi yote ile Wastani alikuwa akiniambia kwamba saa saba mchana anakula ofisini huku anasahihisha. Na mimi nilikuwa namwonea huruma!

Chuoni kwetu kila kipindi cha mtandaoni hurekodiwa. Tuliamua hivyo kwa ajili ya wale ambao mtandao huwakatikia katikati ya somo, ili warudie baadaye. Mhadhiri anaweza kuzima kwa kipindi kimoja au viwili akiwa na sababu. Arobaini na viwili sikuwahi kuona. Nikabofya nimwone huyo wa pili ni nani, mfumo ukanipa namba tu, kama unavyotakiwa. Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Namba ile ile, kila siku.

Uuguzi! Wastani hafundishi wauguzi. Takwimu za wauguzi zinafundishwa na mzee mmoja wa ghorofa ya chini ambaye kikohozi chake kinamtangulia popote aendapo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne nikamvizia. Saa nane na dakika mbili nilikuwa mlangoni kwa ofisi yake, mkate wa mayai kwenye mfuko wa karatasi, tabasamu limepangwa usoni. Nilimkuta ndiyo kwanza anavua vipokea sauti masikioni, anazungusha waya taratibu, na uso wake una raha ya mtu aliyetoka kwenye mazungumzo mazuri.

"Bosi!" akaniita kwa utani wake wa siku zote. "Leo nimetembelewa."

"Nimekuletea chakula. Umekula?"

"Bado, mpenzi. Nilikuwa nasahihisha."

Nikaitazama meza. Karatasi hata moja hapakuwa. Palikuwa na kikombe, kalamu, na ubao mdogo mweupe ulioelekezwa kwenye kamera ya kompyuta. Kwenye ubao alikuwa amechora mstari wenye nundu katikati, na juu ya nundu akachora uso unaocheka. Mimi hajawahi kunichorea uso unaocheka.

"Unasahihisha za nani?"

"Za wanafunzi. Kwani za nani tena?"

Macho yakacheka. Mdomo haukufuata.

Simu yake ikatetemeka juu ya meza, naye akaigeuza kifudifudi bila kuitazama. Mtu asijifanye haelewi maana ya simu kugeuzwa kifudifudi mbele ya mchumba. Nikajifanya sielewi. Nikakaa nikamwangalia akila. Alikula kwa hamu, akasifu mayai, akanyoosha mkono akanifuta chembe ya mkate shavuni kwa kidole gumba, na shavu langu lisilo na akili likafurahi kama kawaida yake.

"Una nini leo?" akaniuliza. "Umenyamaza."

"Nakusikiliza unavyotafuna."

Akacheka. Nikacheka. Nikatoka.

Jioni Shangazi alikuwa anapiga pasi vitambaa vya meza kwa ajili ya Jumamosi. Nilimwaga chai mara moja, nikajikwaa kwenye kiti mara mbili, na yeye hakuinua kichwa.

"Aliyechoka hukaa," akasema. "Wewe unazunguka meza tangu saa kumi na moja. Kafanya nini huyo mtu?"

"Nani kasema kafanya kitu?"

"Basi sawa. Hajafanya." Akageuza kitambaa. Shangazi anajua kusubiri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hata dakika mbili hazikupita, nikamwambia yote: saa saba, mlango uliofungwa, uso unaocheka.

"Mimi nilisema," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilisema. Mwanamume aliyeachana na mke, sina shida naye. Nataka kujua tu waliachana vipi."

"Kwa amani, Shangazi. Nilishakwambia. Wana binti mmoja, wanaongea habari za mtoto, basi."

"Kwa amani!" Pasi ikatoa mvuke. "Mwanangu, walioachana kwa ugomvi mimi nawaamini. Wale hawarudiani, wanaogopana. Hao wa amani ndio wa kuangaliwa."

"Sasa mtalaka wake anaingiaje hapa? Huyu ni mwanafunzi tu."

"Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi mvua siioni, nayaona mawingu. Jumamosi nitapokea watu hapa, nitavaa gauni langu la heshima, nitacheka mpaka mashavu yaniume. Nataka nijue nacheka kwa ajili ya nini. Si wewe ndiye mwenye ufunguo wa hicho chombo chenu?"

"Faili la mwanafunzi halifunguliwi bila sababu."

"Na hii si sababu?"

Nisimsingizie Shangazi. Hakunituma. Alirudi kwenye vitambaa vyake, na kesho yake mimi nikaenda kwa miguu yangu mwenyewe.

Jumatano saa tatu na dakika kumi asubuhi nilifunga mlango wa ofisi, nikaingiza ile namba, nikabofya. Mfumo ukauliza: "Sababu ya kufungua faili?" Vidole vyangu vikaandika "Ukaguzi wa kawaida," wala havikutetemeka. Nimejua baadaye kwamba nadanganya vizuri kuliko nilivyodhani.

Picha ndiyo iliyotangulia. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nywele zimebanwa nyuma, anaitazama kamera kama mtu aliyeambiwa asitabasamu akakubali. Kazi: muuguzi mkuu wa wodi. Hali ya ndoa: ameachika. Nikateremka mpaka chini, pale wanapojaza mtu wa kuitwa ikitokea dharura. Mimi kichwa changu hakishiki namba za simu, hata ya Shangazi naiangalia. Lakini ile niliijua tarakimu zote kumi. Na mbele yake, penye nafasi ya uhusiano, kumeandikwa: "Baba wa mwanangu."

Wanaongea habari za mtoto tu! Mtoto gani huyo anayehitaji saa nzima kila siku, mlango umefungwa, bila kurekodiwa?

Nikachukua simu nikamwandikia: "Wazee wasije Jumamosi." Nikafuta. Nikaandika: "Mwambie mke wako hongera kwa masomo." Nikafuta. Nilitaka nimfumanie kwanza. Saa saba kasorobo nikafungua ukurasa wa madarasa, nikakaa kusubiri darasa lake lifunguke, niingie katikati yao kwa ufunguo wangu, kamera yangu ikiwa wazi, nione watafanya nini. Nilishapaka na rangi ya mdomo.

Saa saba ikafika. Darasa halikufunguka.

Saa saba na dakika tano, kimya. Na kumi, kimya. Vipindi arobaini na vinne bila kukosa, leo hakuna. Nani amewatonya? Nilikuwa bado naitolea macho kompyuta mlango ulipogongwa.

Aliingia na sare zake za kazi, sweta jeusi juu, saa ndogo imening'inizwa kifuani. Kwenye picha hakuwa mzuri hivyo. Nikasimama bila kujua kwa nini nasimama.

"Wewe ndiye Mratibu?"

"Ndiyo. Karibu, dada. Karibu ukae."

Hakukaa. Alininyooshea simu yake, nikasoma: "Ndugu mwanafunzi, faili lako limefunguliwa leo saa tatu na dakika kumi asubuhi. Aliyefungua: Mratibu wa Masomo ya Mtandaoni. Sababu: Ukaguzi wa kawaida. Una haki ya kuuliza."

Kila neno la ujumbe ule nililiandika mimi. Miaka miwili nyuma kulikuwa na mtumishi mmoja aliyekuwa akifungua mafaili ya wanafunzi wa kike kuchukua namba zao za simu, na ni mimi niliyesimama kwenye kikao nikapiga meza. Nikataka kila faili linapofunguliwa, mwenyewe apate ujumbe papo hapo: nani, saa ngapi, kwa nini. Wakubwa walisema itasumbua. Nikawaambia asiye na la kuficha hasumbuki. Tangu siku ile sikuwahi kufungua faili hata moja, hiyo ni kazi ya ofisi ya msajili, na nikasahau kabisa kwamba sheria yangu inanihusu na mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Nimekuja kuuliza," akasema.

"Ni... ni ukaguzi tu. Kila muhula tunafanya. Ni wa kawaida."

"Wa kawaida."

"Ndiyo."

"Kozi yetu ina wanafunzi mia nne," akasema, sauti iko chini, ya mtu aliyezoea kuongea karibu na wagonjwa. "Tuna kundi letu kwenye simu. Nimewauliza wote, nani mwingine amepata ujumbe huu? Hakuna. Ni mimi peke yangu. Sasa, Mratibu, mimi si mtoto. Jina lako nalisikia nyumbani kila wiki. Binti yangu anakusifu, anasema unamruhusu kulala na soksi. Najua wewe ni nani kwa baba yake. Kwa hiyo usiniambie mambo ya ukaguzi."

Nikaufunga ule ukurasa wa madarasa kwenye kompyuta.

"Ijumaa nina mtihani wa takwimu," akaendelea. "Nimeshaufeli mara mbili. Nikiufeli wa tatu, kanuni za chuo zinasema nafutwa. Kazi zetu zinaingia kwenye mfumo, matokeo yanakaa kwenye mfumo, na mfumo uko mikononi mwako. Saa tatu asubuhi nikiwa kwenye mzunguko wa wodi naona jina la cheo chako kwenye simu yangu. Nimeshindwa kumchoma mgonjwa sindano, nimemwachia mwenzangu. Nataka unijibu kitu kimoja. Matokeo yangu yako salama?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke huyu. Nilishachagua na maneno. Sikujiandaa kuogopwa naye.

"Kaa kwanza, dada. Nakuomba."

Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Nilifungua kwa sababu ya wivu," nikasema. Masikio yakawaka moto. "Niliona kwenye ripoti mko wawili kila siku. Nikataka kujua ni nani. Sikuwa na haki. Sababu niliyoandika ni uongo."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akacheka, kicheko kifupi, cha puani.

"Wivu wa takwimu! Mdogo wangu, ungesikia yanayosemwa humo. Wiki hii peke yake ameniambia mara tatu kwamba sifikiri. Jana amenichorea kigongo, akaniuliza wagonjwa wangu wengi wako wapi hapa, nikamwambia wako wodini. Akashika kichwa. Saa moja na mwanamume yule na hesabu zake, mapenzi yenyewe yanakutoka."

"Basi kwa nini mlango umefungwa? Kwa nini hamrekodi?"

Kicheko kikaisha.

"Nina wauguzi kumi na mmoja chini yangu. Saba wako kozi hii hii. Wengine nimewafundisha mimi kushika mkasi. Unataka wafungue rekodi wasikie bosi wao analia kwa sababu hajui kutafuta wastani? Maana nililia. Vipindi vya mwanzo nililia sana."

"Na kwa nini hakuniambia?"

"Nilimkataza. Nilisema nikifaulu, watu watasema ni mchumba wa Mratibu ndiye aliyenifundisha, na Mratibu mwenyewe alijua. Nataka cheti kisicho na mkono wa mtu." Akaishika ile saa yake ya kifuani, akaitazama. "Tulianza chuo pamoja, mimi na yeye. Ulijua? Mwaka wa pili nikawa na mimba. Mmoja ilibidi atoke akafanye kazi, nikatoka mimi. Yeye akaendelea mpaka alipofika. Mwezi wa kwanza mwaka huu alikuja kumchukua mtoto, akaniona nalia juu ya kitabu. Akasema, sasa ni zamu yako. Basi. Hakuna kingine."

Shangazi angeniambia niamini nusu. Na mimi, Mungu anisamehe, pamoja na aibu yote ile, bado kuna sauti ndani yangu iliyokuwa ikiuliza.

"Bado mnapendana?"

Hakukasirika. "Upande wangu nakujibu: hapana. Upande wake muulize mwenyewe. Mimi nilishaacha kumsemea."

Nikanyanyua simu ya mezani, nikampigia naibu wangu wa chumba cha pili, mama mmoja mkali asiyecheka na mtu, nikaweka sauti wazi ili muuguzi naye asikie. Nikamwomba aniondolee ruhusa kwenye kozi nzima ya uuguzi kuanzia dakika ile, mitihani na matokeo, mpaka muhula uishe. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nina maslahi binafsi na mwanafunzi mmoja, na nimetumia vibaya ufunguo wangu, nitamwandikia mkuu wetu barua leo leo. Halafu nikasikia kibodi inabofywa, na kwenye kompyuta yangu wanafunzi mia nne wakapotea wote kwa mpigo.

"Una haki ya kunilalamikia," nikamwambia muuguzi. "Fomu iko ukurasa wa kwanza, chini kulia."

"Nimeiona."

"Utaijaza?"

"Nitaijaza," akasema, akasimama. "Lakini baada ya Ijumaa. Sasa hivi sina muda, nina mambo ya mkengeuko wa wastani." Mlangoni akageuka. "Na umnunulie binti yangu soksi nyingine. Zile zimetoboka."

Wastani alikuja saa kumi kamili. Hakuniita Bosi. Alisimama mgongo umeegemea mlango, na mimi nilikuwa nimeshaifuta ile rangi ya mdomo kwa karatasi.

"Umemfungulia faili," akasema.

"Nimemfungulia."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Jana, na mkate mkononi. Ukasema unasahihisha. Ukaniangalia machoni ukasema unasahihisha!"

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi yeye. Na mimi je? Jumamosi wazee wako wanakuja kuniahidi nini?"

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaburuta viti vya ukumbini, vinakwaruza sakafu kimoja kimoja.

"Kama ningekuuliza wazi," nikasema, "kama ningekwambia nimeona darasa lako, niambie huyo ni nani. Ungeniambia?"

Alifikiri. Nilitamani asifikiri.

"Hapana," akasema. "Ningesema ni mwanafunzi mwenye matatizo. Ningekudanganya tena."

"Sasa unaona? Mimi nitaishije na mtu ninayepaswa kumfungulia faili ndipo nijue kala na nani?"

Akatoa simu mfukoni, akaifungua, akaiweka mbele yangu juu ya meza. "Soma. Zote, tangu mwezi wa kwanza. Sifuti kitu."

Nisijitukuze: mkono wangu ulikwenda. Kidole kilifika mpaka kwenye kioo, nikaona na mstari wa kwanza wa ujumbe, kitu kuhusu zamu na kipindi. Nikaurudisha mkono mapajani nikaushika kwa mwenzake.

"Iondoe," nikasema. "Nikisoma leo, kesho nitataka tena, na kesho kutwa. Najijua sasa. Niambie kwa mdomo. Unampenda bado?"

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yake karibu na yangu bila kugusana.

"Nilimpenda kuliko nitakavyompenda mtu yeyote kwa namna ile," akasema taratibu. "Sikwambii ili nikuumize. Tulikuwa na miaka ishirini na moja, tulikula sahani moja. Alipotoka chuoni kwa ajili yangu, nilimwambia nitamrudisha mwaka unaofuata. Sikumrudisha. Kila mwaka nilikuwa na masomo mengine ya kusoma. Alipoondoka hakunitukana. Alikunja nguo zake, akamchukua mtoto, akasema amechoka kunisubiri. Nilikaa chini sakafuni jikoni. Mpaka leo nikipita jikoni kwangu kuna mahali sipakanyagi."

Machozi yakanijaa. Nilipika kwenye jiko lile mara ngapi!

"Namheshimu," akasema. "Namwonea aibu. Nikisikia simu yake inalia, moyo unaruka, lakini ni hofu, nadhani kafeli. Mapenzi yale yaliisha. Ila yule kijana aliyempenda hivyo, siwezi kukupa wewe. Yeye alishamchukua. Wewe umepata huyu aliyebaki. Huyu ndiye anayekupenda, na huyu ni mwoga, jana alikudanganya akiwa na mkate wako mdomoni."

Kila neno liliniuma. Liliniuma mahali ambapo zile namba na mlango uliofungwa havikufika. Angeweza kusema "hapana, simpendi, nakupenda wewe tu," ningemshukuru, na ningelala nikiwa na shaka mpaka uzeeni. Hakuna mtu aliyemlazimisha kuniambia habari za sakafu ya jikoni. Mwongo angeniambia kitu kizuri zaidi.

Nililia kidogo, na hakunigusa mpaka nilipomaliza.

"Nikipewa barua ya onyo?" nikauliza, pua imeziba.

"Unastahili."

"Wee!"

"Si unataka ukweli?" Macho yakaanza kucheka. Nikausubiri mdomo, na mdomo ukaja.

"Waambie wazee wako waje Jumamosi," nikasema. "Saa nne kamili, Shangazi hapendi kusubirishwa. Na kabla hawajafungua midomo yao, hili lote ulilonieleza sasa hivi utamweleza yeye, wewe mwenyewe, mpaka sakafu ya jikoni. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yako."

Alimwogopa Shangazi kuliko alivyoniogopa mimi.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Basi," akasema, akanishika mkono, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.